Tabaka la Ijumaa

Mashuka ya zahanati yalirudishwa tena. Muuguzi aliyeyaleta hakuingia ndani. Alisimama mlangoni, akauweka mfuko kizingitini taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha aibu.

"Mama Dobi, samahani. Daktari amesema hawezi kumlaza mzazi juu ya shuka lenye masizi."

"Nimeyafua kwa mikono hii."

"Najua, mama."

"Nikayasuuza mpaka maji yakatoka meupe."

"Najua. Lakini uliyaanika wapi?"

Wote wawili waligeuza shingo wakatazama mlima uliosimama nyuma ya nyumba, mweusi, mrefu kuliko kila kitu mtaani, ukivuta moshi ubavuni kama mzee na kiko chake.

Haukuwa mlima wa Mungu. Ulikuwa kifusi cha mgodi wa makaa ya mawe: mawe, udongo na vumbi la makaa, yaani kila kilichobaki baada ya makaa mazuri kuchaguliwa na kupelekwa kuuzwa. Malori yaliyapandisha mabaki hayo na kuyamwaga kutoka juu, mwaka nenda mwaka rudi, mpaka yakawa mlima. Kisha mlima ukashika moto ndani kwa ndani. Moto huo haukuwa na miali. Ulikula polepole, kama kinyongo cha ndugu. Mvua ikinyesha ulinuka mayai viza, na upepo ukivuma ulinyunyiza masizi kwenye kila kamba ya nguo. Mama Dobi alikuwa akianika chumbani, sebuleni, hata juu ya kitanda chake mwenyewe, na bado masizi yalimfuata.

"Daktari anasema kuna dobi mwingine ng'ambo ya reli," muuguzi alisema akiangalia viatu vyake. "Huko moshi haufiki. Lakini nimemwambia asubiri. Nimemwambia mlima mpya unajengwa, huu utaondolewa."

"Mwambie asubiri. Anayeujenga mpya ni binti yangu."

"Na aliyeujenga huu?"

Muuguzi aliuliza bila ubaya, maana alikuwa mgeni. Mama Dobi aliuchukua mfuko, akauweka begani.

"Huu aliujenga mume wangu," alisema, na hakuinamisha uso.

*

Mumewe alikuwa msimamizi wa malori na mitambo pale mgodini, na watu walimwita Mzee Mlima. Jina hilo hakulitafuta, ila lilipomfikia hakulikataa. Alianza akiwa kijana dereva wa katapila, akisukuma kifusi mpaka ukingoni na kukiacha kiporomoke. Mtu akitoka safari, kitu cha kwanza kukiona kutoka mbali kilikuwa mlima ule, na Mzee alizoea kumwambia jirani yake kwenye basi, "Unaona pale? Ile ni kazi ya mkono wangu." Wapo watu waliojenga nyumba, wapo waliojenga majina. Yeye alijenga mlima mahali palipokuwa tambarare. Si kila mtu anaweza kusema hivyo.

Ndiyo maana ramani alizotandaza binti yake juu ya meza ya chakula zilimkaa kooni.

"Mbona kifupi?" aliuliza mara ya kwanza alipoziona. "Hicho ni kilima au ni mkate?"

"Kitakuwa kipana, Baba. Miteremko yake italala. Mtu aweze kupanda bila kushika magoti."

"Na hii michirizi chini?"

"Mitaro ya mawe. Pale bondeni kuna chemchemi. Tukiifunika bila njia, maji yataloweka kifusi kutoka chini, siku moja kitateleza chote. Kwa hiyo tunaijengea njia kwanza, maji yapite chini na kutokea upande wa pili. Halafu kifusi kinapangwa tabaka kwa tabaka. Kila tabaka lisizidi futi moja, lishindiliwe na rola mpaka ligome, ndipo lije lingine. Mwishoni tunavika udongo wa mfinyanzi na kupanda majani."

"Futi moja!" Mzee alicheka, ila macho hayakucheka. "Malori yale yakimwaga futi moja moja, makaa yatakwisha ardhini na kifusi hakijakwisha juu. Sisi tulimwaga kutoka juu. Kifusi kilijipanga chenyewe."

"Ndiyo, kilijipanga. Mawe makubwa yakabingirika chini, vumbi likabaki juu. Hewa ikaingilia kwenye mawe, ikapanda kwenye vumbi la makaa. Ni kama dohani, Baba. Bila kujua, mlijenga jiko."

Neno "jiko" lilidondoka mezani na hakuna aliyeliokota. Mama Dobi, aliyekuwa akikunja nguo pembeni, ndiye aliyeligusa.

"Nguo mbichi nikizitupa tu kwenye kapu, nikisahau, asubuhi nikitia mkono nakuta kati kuna joto," alisema. "Nikizikunja na kuzibana moja juu ya moja, hazina neno. Mimi nimeuelewa mlima wa mwanangu."

"Basi uende ukaendeshe katapila," mumewe alisema.

"Nikienda mimi, nani atakufulia hiyo suruali? Maana peke yako huiwezi, inasimama yenyewe."

Binti alicheka. Mzee alijaribu kutocheka akashindwa, na kwa jioni ile mambo yakapita.

*

Kazini hayakupita kirahisi. Binti alikuwa mhandisi wa mradi, na Mzee alikuwa chini yake. Walikubaliana, au tuseme binti aliomba na Mzee hakukataa, kwamba kazini asimwite Baba. Alimwita Msimamizi. Mzee naye alipaswa kumwita Mhandisi, lakini neno hilo lilikuwa halijapata njia ya kutoka mdomoni mwake. Alimwita "mwanangu" mbele ya madereva, na akikasirika, "we mtoto".

Madereva waliona kila kitu. Kati yao alikuwapo mmoja aliyeitwa Kasuku, ambaye ulimi wake haukuwa na siku ya mapumziko.

"Mzee Mlima, shikamoo," alisema asubuhi moja akiwa ananing'inia dirishani mwa lori. "Nina swali. Nyumbani unamtuma chumvi, hapa anakutuma wewe. Sasa mkikutana njiani, nani anamtuma mwenzake?"

Wenzake walicheka. Mzee alimtazama kwa utulivu.

"Mkeo anakutuma kila mahali, na sijawahi kukuuliza swali."

Walicheka zaidi, na Kasuku mwenyewe akapiga honi ya kukubali. Lakini kicheko kilipokwisha, Mzee alibaki na swali lile kama kijiwe ndani ya kiatu. Ukubwa wa mtu kumbe unaweza kusagwa kwa mzaha, punje baada ya punje.

Hata hivyo kazi aliifanya. Chemchemi ilijengewa njia yake, mawe yalipangwa, na Mzee mwenyewe alikagua mtaro kwa kutembea ndani yake, akigonga kila jiwe kwa nyundo. Tabaka la kwanza likashindiliwa, likaja la pili na la tatu. Kila tabaka lilipokwisha binti alichukua nondo ndefu, akaisimamisha wima na kuilalia kwa uzito wake wote. Nondo ikizama, tabaka limekataliwa. Ikigoma, aliinua kidole gumba na rola ikaenda mbele. Madereva waliiita nondo hiyo "Hakimu".

*

Ijumaa ile binti hakuwapo. Alikuwa amesafiri kupeleka sampuli za udongo maabara, na kazi ilibaki mikononi mwa Mzee.

Tangu mchana mawingu yalijikusanya. Malori yalipanga foleni kuanzia mdomo wa mgodi mpaka kwenye kifusi kipya, maana rola ilikuwa moja na ilikwenda mwendo wa konokono. Madereva hulipwa kwa tripu, na tripu zilikuwa hazisogei. Meneja alipiga simu: kwa nini malori yamesimama? Akapiga tena: kwa nini bado yamesimama?

Kasuku alishuka, akamfuata Mzee. Safari hii hakuleta mzaha, alileta kitu kibaya zaidi. Alileta heshima.

"Mzee Mlima," alisema, "sisi tunakujua. Enzi zako mawingu kama haya tungeshamaliza, tungekuwa nyumbani tunavua viatu. Wewe ndiye uliyejenga ule pale. Huhitaji ramani. Tupe ruhusa tumwage ukingoni, katapila isukume, juu tuweke tabaka zuri. Nani atajua?"

Mzee aliutazama mlima wake wa zamani. Kwa mbali, chini ya wingu zito, moshi haukuonekana. Ulionekana mlima tu, umesimama kama zamani. Kwa muda mrefu hakuna aliyemwita kwa sauti ile. Simu ikaita tena mfukoni.

"Mwageni," alisema.

Na ile saa moja, lazima isemwe, ilikuwa tamu. Malori yalirudi nyuma mpaka ukingoni yakamwaga, kifusi kikaporomoka kwa mshindo ule alioufahamu tangu ujana, vumbi likapanda, watu wakapiga miluzi. Upande ule wa bonde ulioangalia mtaa ulijaa kabla ya jioni. Juu yake walitandaza tabaka moja jembamba, wakalipitisha rola mpaka likang'aa. Ukilitazama ungedhani ni kazi ya kitabu. Ilikuwa shati safi juu ya fulana chafu.

Usiku ule na kesho yake mvua ilinyesha bila kupumua.

*

Jumapili Mzee alisifu chai. Mama Dobi aliweka birika chini.

"Umefanya nini?"

"Nimesema chai nzuri. Ni kosa?"

"Tangu unioe hujawahi kuisifu chai bure. Uliisifu siku ulipogonga ukuta wa jirani kwa lori, ukaisifu siku ulipopoteza pete. Umefanya nini, baba watoto?"

Binti alikuwa bado hajarudi. Mzee alizungusha kikombe, akakizungusha tena, mwishowe akasema yote. Mama Dobi alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, na hilo lilimtisha kuliko kelele.

"Upande gani?" aliuliza.

"Upande wa huku."

"Huku kwetu."

"Huku kwetu."

Mama Dobi alitazama kupitia dirishani, kwenye paa za jirani, kwenye kamba zake tupu. "Mficha maradhi, kilio humfichua. Utamwambia wewe au nimwambie mimi?"

"Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Akifika."

Binti alifika jioni, amechoka, ana furaha: maabara imesema udongo ni mzuri, hautapitisha maji wala hewa. Alikula huku akieleza kwa mikono. "Baba, kitadumu kuliko sisi wote. Wajukuu zako watacheza mpira juu yake." Mzee alifungua mdomo, akaona uso ule unavyowaka, akaufunga. Alijiambia atasema asubuhi njiani. Asubuhi njiani alijiambia atasema getini. Getini walinzi walimsalimia Mhandisi kwanza, kisha yeye, na ujasiri wote aliokuwa amekusanya ukaanguka pale pale kama mzigo uliokatika kamba.

*

Nondo ilizama.

Binti aliilalia kama alivyozoea, akitegemea igome, na nusura aanguke kifudifudi maana ilikwenda chini mpaka mkono wake ukagusa kifusi. Aliichomoa, ikatoka na maji. Akahamia hatua chache mbele, akaichoma tena. Ikazama. Madereva waliokuwa wakipiga soga walisogea karibu mmoja baada ya mwingine.

"Hili si tabaka," alisema polepole. "Hapa pamemwagwa kutoka juu. Nani alitoa ruhusa?"

Kasuku akajitosa. "Mhandisi, ni mimi. Niliteleza na lori, mzigo ukaenda ukingoni. Bahati mbaya."

"Lori moja limejaza upande mzima wa bonde?"

"Ni lori kubwa, Mhandisi."

Siku nyingine wangecheka. Mzee alipiga hatua mbele.

"Acha, Kasuku. Nilitoa ruhusa mimi."

Binti alimtazama. Watu wote waliokuwapo walitamani wangekuwa kwingine. Alifuta matope kwenye nondo kwa kiganja, kutoka juu hadi chini, kama anayetafuta la kufanya kwa mikono yake.

"Simamisha malori, Msimamizi," alisema mwishowe. "Naenda kwa meneja."

*

Ofisi ya meneja ilikuwa na feni iliyokoroma, na dirisha lililofungwa siku zote kwa sababu ya masizi. Meneja hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye wakubwa.

"Tabaka moja," alisema baada ya kusikiliza. "Moja tu, katika mengi. Lifunike, endelea juu. Udongo wa mfinyanzi ukija utafunika yote."

"Limeshiba maji. Liko kwenye mteremko, juu ya nyumba za watu. Tukilijengea juu, uzito utalikamua. Litateleza."

"Huenda."

"Huenda. Na lisipoteleza litashika moto, kama ule mlima wa zamani."

Meneja aliegemea kiti. "Sikiliza, mama. Kuliondoa ni kusimamisha malori. Malori yakisimama, makao makuu watauliza kwa nini. Nikisema kuna kosa, wataniuliza jina la aliyelifanya. Nitalazimika kuwapa jina." Akashusha sauti, karibu kwa huruma. "Baba yako amebakiza muda mfupi tu kustaafu. Unataka niwape jina gani?"

Binti alikwenda dirishani. Kupitia vumbi la kioo aliona mlima wa zamani na, chini yake, bati la nyumba yao lenye kiraka alichokipaka rangi mwenyewe alipokuwa msichana. Alijua jibu la kitabu. Alijua pia mkono uliompandisha kwenye katapila akiwa mdogo, ukamwonyesha jinsi chuma kizito kinavyotii kidole. Majibu hayo mawili yalikuwa yamesimama ndani yake na hakuna lililokubali kumpisha mwenzake.

Mlango uligongwa. Mzee aliingia, kofia mkononi, ile nyeupe ya usimamizi. Viatu vyake viliacha matope kwenye zulia, naye akayatazama na kuyaacha.

"Nimeita mtu?" meneja aliuliza.

"Hujaita. Nimekuja kupokea maagizo." Alimgeukia binti yake, akasimama wima kama alivyokuwa akiwafundisha vijana kusimama. "Mhandisi, umeamua nini kuhusu lile tabaka?"

Feni ilikoroma. Neno lile la Mhandisi, alilolingojea binti tangu siku ya kwanza ya kazi, lilikuwa limefika, na limefika mahali ambapo kulijibu kulikuwa kumkata mtu aliyelitamka. Binti alishika ukingo wa dirisha.

"Liondolewe, Msimamizi," alisema. "Lote. Mpaka tufike kwenye tabaka zuri."

"Ndiyo, Mhandisi."

Mzee aliweka kofia nyeupe juu ya meza ya meneja, juu ya karatasi zake.

"Na jina wape langu," alisema. "Waandike vizuri, wasikosee. Kosa ni langu, sitaki liitwe la mtu mwingine. Ila wakishaandika, nipe ufunguo wa katapila. Nilichokisukuma mimi nitakitoa mimi."

*

Alikiondoa mwenyewe. Alipanda katapila ile ile aliyoanza nayo ujanani, iliyokuwa ikitumika siku hizi kwa kazi ndogondogo, akashusha sepetu yake kubwa ya mbele, akaanza kumenya lile tabaka la Ijumaa kutoka juu. Lile shati safi lilipotoka, fulana ilionekana: mawe matupu, mashimo, matope meusi. Alipofika kati, maji yalibubujika na kutiririka kuelekea mtaani, mkondo mweusi mnene. Madereva waliokuwa wamesimama pembeni waliyafuata kwa macho hadi kwenye paa za chini, na pale ndipo kila mmoja alipoelewa kile alichokihofia Mhandisi.

Kasuku alizima lori. Alishuka, akachukua sepetu ya mkono, akaenda kuchimba mfereji wa kuyageuza yale maji. Hakuombwa. Mwingine akamfuata, na mwingine. Siku hiyo hakukuwa na tripu, na hakuna aliyelipwa kwa jasho lile.

"Kasuku, leo mbona husemi?" mmoja alimchokoza.

"Nasikiliza," alisema. "Mtu mzima akijisahihisha ni kitu cha kusikiliza."

Saa ya chakula Mama Dobi alipanda na sufuria kichwani, akapita katikati ya wanaume wale mpaka kwenye katapila, akasimama mbele yake mpaka ikazimwa.

"Wamekufukuza?"

"Wamenivua cheo. Nimekuwa dereva tena. Wameniambia nimalizie muda wangu kwenye kiti hiki."

"Na mshahara?"

"Wa dereva."

Mama Dobi alimpakulia chakula. Kisha akamtazama kwa muda, amekaa juu kule, mweusi kwa matope mpaka kwenye nyusi.

"Siku niliyokuona mara ya kwanza ulikuwa umekaa hapo hapo," alisema. "Hukuwa na cheo chochote. Nilikubali hivyo hivyo."

"Ulikuwa huoni vizuri."

"Nilikuwa naona kuliko sasa. Kula. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi."

*

Msimamizi mpya alikuwa Kasuku. Mgodi ulifanya hivyo kwa sababu madereva walimsikiliza, na mtaa mzima ulicheka mpaka mbavu zikauma. Kofia nyeupe ilimfika masikioni. Asubuhi ya kwanza alisimama chini ya katapila, akakohoa, akakosa pa kuanzia.

"Mzee Mlima... naomba... yaani kama hutajali..."

"Msimamizi," Mzee alimwambia kutoka juu, "amri haiombwi. Sema."

"Tandaza futi moja, kutoka kwenye kile kigingi."

"Ndiyo, Msimamizi."

Na akatandaza. Hakuna aliyewahi kuona matabaka yaliyolala vile. Aliyalaza kama anayetandika kitanda cha mgonjwa, bila kunjo, bila donge. Binti alipokuja na nondo, akailalia, ilikataa katakata. Hakuinua kidole gumba, maana hapakuwa na haja, aliigonga tu katapila kwa kiganja mara mbili akipita, na Mzee alijua.

Kifusi kipya kiliinuka bila mtu kugundua kinavyoinuka. Kisha wakaugeukia mlima wa zamani. Waliuzima kwa maji, wakaumega pande kwa pande, na kila pande lililopoa lilipelekwa kwenye kifusi kipya, likatandazwa, likashindiliwa. Kwa hiyo ni Mzee mwenyewe aliyeubomoa mlima wake, kwa mkono ule ule uliousimamisha. Watu wa mtaani walikaa kwenye ngazi za nyumba zao wakitazama anga linavyopanuka. Siku kilele kilipotoweka, aliulizwa na jirani kama anasikia uchungu.

"Nasikia," alisema. "Lakini ningesikia zaidi kama angeubomoa mtu baki."

Udongo wa mfinyanzi ulipovikwa na majani kuota, mkaguzi alikuja kutoka mbali. Alitembea juu, akashuka, akainama kwenye mdomo wa mtaro ambapo ile chemchemi ilitokea, akakinga maji kwa mkono. Yalikuwa maangavu. Aliuliza nani amebuni kazi hii, akaonyeshwa. Akauliza nani amejenga, na Mhandisi, mbele ya meneja, mbele ya Kasuku na kofia yake, akasema:

"Baba yangu."

Hakusema msimamizi wala dereva. Mzee alikuwa amesimama nyuma ya wengine, akajifanya anakagua mnyororo wa katapila, na alichukua muda mrefu kuukagua.

*

Siku hizi mgeni akishuka kwenye basi haoni mlima wowote. Anaona mwinuko wa majani, mpana, uliolala, na watoto wakikimbizana juu yake. Hakuna anayeuliza nani aliujenga, maana hakuna anayejua kwamba ulijengwa.

Mzee alishastaafu, lakini asubuhi hupanda hadi juu na ile nondo. Binti aliposafiri kwenda kujenga kifusi kingine mbali alimwachia. Huisimamisha kwenye kijishimo alichokitegea bomba la kupimia joto la ndani, huiacha humo huku akipumua na kutazama paa za nyumba, kisha huichomoa. Enzi zile, nondo ikichomwa kwenye mlima wa zamani ilitoka na joto la kuunguza kiganja. Sasa huiweka shavuni.

Asubuhi moja ya upepo alishuka nayo begani, akampata mkewe uani, katikati ya mashuka meupe ya zahanati yaliyojaa upepo kutoka ukuta hadi ukuta. Hakumsalimia. Alimjia kwa nyuma, akamgusisha ncha ya chuma shavuni.

Mama Dobi aliruka. "We mzee! Unataka kuniua?"

"Unasikiaje?"

Alitulia kidogo, akaushika ule mkono wenye nondo, akairudisha ncha shavuni mwake mwenyewe.

"Baridi," alisema.

"Baridi," Mzee alisema. Akasimama pale, kifua mbele, kama mtu anayeonyesha mlima.